Programu imeandika, konsoli iko kimya: maandishi yamekwama wapi?

Kila anayejifunza kuandika programu hukutana na jambo hili mapema. Ameweka printf, amri ya lugha ya C ya kuandika maneno, kwenye mstari wa kumi. Ameambia dibaga isimame mstari wa kumi na tano, nayo imesimama palepale. Lakini konsoli ni nyeusi tititi, hakuna hata herufi moja. Anaendesha upya, mambo ni yaleyale. Anampelekea mwenzake msimbo huohuo, na kwenye kompyuta ya mwenzake maneno yanatoka bila shida yoyote. Hapo ndipo mabishano yanapoanza: huyu anasema dibaga ni mbovu, yule anailaumu Windows, wa tatu anashauri kufuta kila kitu na kusakinisha upya.

Karibu kila mara, wote watatu wamekosea. Programu imeandika, ila maandishi yamekwama njiani au yamefika dirisha ambalo hakuna anayelitazama. Kosa kubwa zaidi ni lile linalofuata: mtu huona ukimya wa konsoli, akaamini kwamba mstari wake haukutekelezwa, kisha akaanza kurekebisha sehemu ya programu ambayo ni nzima kabisa. Nimeona watu wakipoteza siku nzima kwa sababu hiyo moja, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tuanze na majina, maana mkanganyiko mwingi unatokana na kuyachanganya.

Dibaga ni programu inayoendesha programu nyingine chini ya uangalizi. Inaisimamisha mahali unapotaka na kukuonyesha thamani za vigeu. Zinazojulikana sana ni GDB, LLDB na ile iliyomo ndani ya Visual Studio. Terminali ni dirisha la maandishi ambalo mtu anaandika amri na kusoma majibu, na programu inaweza kuuliza mfumo endeshi kama inaongea na terminali au na kitu kingine. Konsoli ya dibaga ni lile dirisha ndani ya kihariri ambalo dibaga hubandika inachokipokea. Kwa sura, terminali na konsoli ya dibaga zinafanana kama mapacha, lakini kwa tabia ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna mikondo. Kila programu huanza maisha yake ikiwa na mikondo mitatu: namba 0 ya kupokea, namba 1 ya kutoa matokeo, na namba 2 ya kutoa makosa. Waandishi wa programu huiita stdin, stdout na stderr. printf haijui skrini ni nini. Kazi yake ni kumimina maneno kwenye mkondo namba 1, basi. Mkondo huo unaishia wapi huamuliwa na aliyeiwasha programu: anaweza kuuelekeza kwenye terminali, kwenye faili, kwenye bomba linaloingia programu nyingine, au kwenye /dev/null, ambako kinachoingia hakirudi tena.

Kwa hiyo ukimya wa konsoli unaweza kuwa na chanzo kimojawapo kati ya viwili: maneno hayajaondoka ndani ya programu, au yameondoka na kwenda kwingine. Ni matatizo mawili yenye dawa tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine hata kidogo.

Maneno ambayo hayajaondoka

Fikiria mtu anayehamisha mchanga kwa toroli. Hapeleki koleo moja moja mpaka upande wa pili wa uwanja. Anajaza kwanza, toroli likijaa ndipo anasukuma. Kompyuta hufanya hivyohivyo, kwa sababu kila safari ya kwenda kwa mfumo endeshi ina gharama yake. Toroli hilo ndilo bafa: sehemu ndogo ya kumbukumbu ambayo maneno husubiri kabla ya kupelekwa.

Lugha ya C ina desturi ambayo kila mtu anayetumia dibaga anapaswa kuijua kwa moyo. stdout ikiwa imeelekezwa kwenye terminali, mifumo kama Linux na macOS humimina bafa kila mstari unapokwisha, kwa sababu kuna mtu anayesoma. Ikiwa imeelekezwa kwenye bomba au faili, inasubiri bafa ijae. stderr haisubiri chochote, maana ujumbe wa kosa hauna haja ya kupanga foleni. Sasa, vihariri vingi haviipi programu terminali ya kweli. Vinaipa bomba. Programu inauliza, “naongea na mtu?” Inajibiwa hapana. Basi inaanza kujaza toroli.

Jaribu mwenyewe kwenye Linux:

    #include <stdio.h>

    int main(void) {
        printf("hatua ya kwanza\n");
        printf("hatua ya pili\n");
        int *p = NULL;
        *p = 7;
        printf("hatua ya tatu\n");
        return 0;
    }

Ikompaili bila kuwasha uboreshaji, kisha iendeshe kwenye terminali kwa ./jaribio. Utaona hatua ya kwanza na ya pili, halafu programu inaanguka kwa kuandika mahali pasiporuhusiwa. Sasa iendeshe kwa ./jaribio | cat, yaani matokeo yapitie bomba. Hutaona hatua yoyote. Msimbo ni uleule, kompyuta ni ileile, mistari miwili ya mwanzo imetekelezwa kama kawaida, lakini maneno yalikuwa bado kwenye toroli programu ilipokufa. Kwenye Linux bafa ya namna hii kwa kawaida hubeba baiti 4,096. “hatua ya kwanza” pamoja na alama yake ya kumaliza mstari ni baiti 16. Ingehitajika mistari 256 kama huo ili toroli lijae na kuondoka lenyewe.

Sasa mweke mwanafunzi mbele ya hali hiyo ya pili. Ataapa kwamba programu ilianguka kabla ya printf ya kwanza. Atakwenda kuchunguza mipangilio, maktaba, hata kompaila, wakati kosa liko mistari michache chini ya pale anapotazama.

Programu inayomalizika vizuri humimina bafa zake zote inapoaga. Ndiyo maana wengine husema, “maneno yangu hutoka yote kwa mpigo mwishoni.” Lakini ikianguka, ikiuawa kwa nguvu, au ikitoka kwa njia ya mkato kama _exit, hakuna anayemimina. Na dibaga ikiisimamisha katikati, bafa inabaki kama ilivyo. Kilichosimama ni programu nzima, pamoja na msukuma toroli.

Dawa ni kumimina kwa makusudi. Katika C, andika fflush(stdout); baada ya printf unayoitegemea, au weka mstari huu mwanzoni kabisa mwa main:

    setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);

Unaiambia programu iachane na toroli, kila neno lipelekwe papo hapo. Katika C++, std::endl humaliza mstari na kumimina, ilhali "\n" humaliza mstari tu. std::cout << std::unitbuf; hufanya kila uandishi umiminwe. Katika Python, tumia print("nimefika", flush=True), au iendeshe kwa python -u, au weka kigeu cha mazingira PYTHONUNBUFFERED kiwe 1. Go haina shida hii kwa fmt.Println, kwa sababu os.Stdout yake haina bafa. println! ya Rust humimina kila mwisho wa mstari hata ikiwa kwenye bomba. Ndiyo maana mtu aliyetoka Go kwenda C hushangaa kuliko wote.

Hapa kuna dhana potofu ambayo imeenea mno: kwamba ukiweka \n mwishoni, maneno lazima yatoke. Ni kweli kwenye terminali ya Linux au macOS. Si kweli kwenye bomba kwa programu ya C. Na kwenye Windows jambo linazidi. Maktaba ya C ya Microsoft haina kabisa utaratibu wa kumimina kwa kila mstari: ukiomba _IOLBF, inakupa bafa ya kujaa kamili bila kukuambia. Kwa hiyo anayenakili dawa ya Linux inayosema “tumia _IOLBF” anaiweka kwenye Windows na haoni tofauti yoyote. Huko ni _IONBF au fflush. MinGW, yaani kompaila ya GCC kwa Windows, nayo hutegemea maktaba hiyohiyo ya Microsoft, na ndiyo sababu wanaotumia kihariri cha Eclipse na MinGW wamekuwa wakilalamika miaka nenda rudi kwamba konsoli haionyeshi kitu mpaka programu iishe.

Dhana nyingine ni kwamba kuongeza usingizi mfupi, sleep, kunaipa konsoli nafasi ya kupumua. Hakusaidii. Bafa haiangalii saa. Ukiipa programu sekunde kumi za kulala, maneno nayo yatalala sekunde kumi ndani ya bafa.

Kuna jambo moja dogo kwa watumiaji wa Git Bash na madirisha ya aina hiyo kwenye Windows. Kwa macho ni terminali kamili, lakini katika matoleo ya zamani dirisha hilo liliiga terminali kwa kutumia mabomba. Programu asilia ya Windows ikiuliza kama inaongea na mtu, inajibiwa hapana, na bafa inaanza. Mwaka 2018 Windows 10 ilipata njia rasmi ya kutengeneza terminali bandia, iitwayo ConPTY, na matoleo mapya ya zana hizo yanaweza kuitumia. Ukiona programu ina sauti kwenye dirisha la kawaida la amri na bubu kwenye Git Bash, anza kushuku hapo.

Maneno yaliyokwenda kwingine

Upande huu una sababu nyingi, na nyingi ni nyepesi. Iliyo nyepesi kuliko zote: unatazama kichupo kisicho chake. Ndani ya Visual Studio Code kuna “Debug Console” na kuna “Terminal”, bega kwa bega. Ukiendesha Python chini ya dibaga, kwa mipangilio ya kawaida maneno yanakwenda Terminal. Ukiendesha Node.js, yanakwenda Debug Console. Anayetumia lugha zote mbili kwa siku moja ana haki ya kuchanganyikiwa. Kwenye faili la launch.json, linalobeba mipangilio ya dibaga, kuna mpangilio unaoitwa console, nao hupokea internalConsole, integratedTerminal au externalTerminal. Programu inayomuuliza mtumiaji maswali iwekee mojawapo ya mbili za mwisho, kwa sababu konsoli ya ndani haiwezi kupokea unachoandika na kuifikisha kwenye stdin. Kwa C na C++ chini ya GDB, mpangilio wenye kazi hiyo huitwa externalConsole, na thamani yake ni true au false.

Node.js ina kisa chake. Kwa kawaida Debug Console huonyesha kinachopitia console.log, kwa sababu dibaga inakipata moja kwa moja kutoka kwenye injini ya JavaScript. Maktaba ya kumbukumbu za matukio (log) inayoandika yenyewe kwenye process.stdout haipiti njia hiyo, hivyo maneno yake hayaonekani. Ongeza "outputCapture": "std" kwenye launch.json, yataonekana.

Pia tazama kisanduku cha kuchuja kilicho juu au chini ya konsoli. Neno ulilotafuta jana likibaki mle, leo litaficha kila mstari usio na neno hilo. Inachukua sekunde mbili kukagua.

Windows ina ukuta ambao mifumo mingine haina. Kila faili la programu linapotengenezwa hutiwa alama: ama ni programu ya konsoli, ama ni programu ya madirisha. Ya madirisha haipewi konsoli kabisa inapowashwa kwa kubofya, kwa hiyo printf yake inamimina kusikokuwa na chombo. Alama hiyo huwekwa na linka, zana inayounganisha vipande vya msimbo kuwa faili la programu: kwa Microsoft ni /SUBSYSTEM:WINDOWS au /SUBSYSTEM:CONSOLE, na kwa GCC ni -mwindows au -mconsole. Mtu akinakili mstari wa kukompaili kutoka kwenye mfano wa mchezo wa picha, -mwindows imo humo, na sauti ya programu yake inakatwa bila onyo lolote. Python nayo ina pythonw.exe, pacha wa python.exe asiye na konsoli. Ndani yake sys.stdout ni None, na print hupita kimya kimya bila kulalamika.

Programu za namna hiyo zina mlango wao: OutputDebugString. Maneno yake hayapiti mkondo wowote kati ya ile mitatu, yanakwenda moja kwa moja kwa dibaga iliyoshika programu, na Visual Studio huyaweka kwenye dirisha la Output. Bila dibaga, DebugView ya Sysinternals huweza kuyanasa. Jambo la kushika ni kwamba njia hizi mbili hazikutani. Anayeandika kwa printf akatazama Output ya Visual Studio atasubiri sana, na anayeandika kwa OutputDebugString akatazama dirisha jeusi la konsoli vilevile. Wanaotumia C# wana mtego wa karibu na huo: Debug.WriteLine huondolewa kabisa na kompaila isipokuwa umekompaili ukiwa umewasha alama ya DEBUG, kama ilivyo kwenye mpangilio wa Debug. Ukibadili kwenda Release, mstari huo haupo tena ndani ya programu. Hicho ndicho kisa kimoja ambacho ukimya kweli unamaanisha kwamba mstari haukutekelezwa.

Kwenye macOS, programu yenye ikoni inayofunguliwa kwa kubofya haina terminali nyuma yake, na kinachoandikwa kwa printf hakionekani popote. Ifungue kutoka Terminal kwa njia ya faili lililo ndani, mfano Jina.app/Contents/MacOS/Jina, na maneno yatajitokeza. Tangu macOS 10.12 ya mwaka 2016 kuna pia mfumo mmoja wa kumbukumbu za matukio (log) kwa mashine nzima. Kinachoandikwa kwa os_log huhifadhiwa humo na kusomwa kwa programu iitwayo Console, jina linaloongeza mkanganyiko kwa sababu si konsoli ya dibaga wala si terminali. Na kihariri kikijaribu kufungua Terminal kwa niaba yako, mfumo utakuuliza kama unakiruhusu kuidhibiti. Ukibofya hapana mara moja, utalazimika kwenda kwenye mipangilio ya faragha kuirudisha ruhusa hiyo.

Linux ni rahisi zaidi, na wengi huamini haina shida hii kabisa. Inayo, kama mfano wa bomba ulivyoonyesha. GDB ikiendeshwa kwenye terminali, yenyewe na programu yako hutumia dirisha moja, na maneno yao huingiliana. Ukitaka kuyatenganisha, fungua terminali nyingine, andika tty humo uone jina lake, tuseme /dev/pts/3, kisha ndani ya GDB toa amri tty /dev/pts/3 kabla ya run. Matokeo ya programu yatatokea kule, dibaga itabaki huku. Kwa programu zinazozaa watoto kwa fork, yaani zinazojinakili zikawa mbili, kumbuka kwamba GDB kwa kawaida humfuata mzazi. Mtoto huendelea peke yake, na kituo (mahali ulipoiambia dibaga isimame) ulichoweka ndani ya msimbo wake hakimsimamishi. set follow-fork-mode child hubadili hilo. Kumbuka pia kwamba fork hunakili kumbukumbu yote, pamoja na bafa ambayo haijamiminwa, ndiyo maana wakati mwingine mstari mmoja hutokea mara mbili.

Kwa Android, msimbo asilia wa C unaoandika kwa printf huandikia /dev/null. Tumia __android_log_print na usome kwa logcat, zana ya kusoma kumbukumbu za matukio za Android.

Kujua ni lipi kati ya mawili

Usibahatishe, ihoji programu. Weka mstari mmoja wa majaribio unaokwenda stderr badala ya stdout: fprintf(stderr, "nipo hapa\n");. Ukionekana huku mstari wa stdout hauonekani, yaelekea tatizo ni bafa, kamalize kwa fflush. Usipoonekana, fungua faili kwa jina lake kamili, andika neno ndani, lifunge, kisha kalitazame. Neno likiwepo, mstari umetekelezwa na mkondo umeelekezwa kwingine: kagua kichupo, launch.json, alama ya linka. Neno lisipokuwepo, hapo sasa una sababu ya kuamini kwamba programu haikufika. Weka kituo cha dibaga kwenye mstari huo uone kama inasimama. Ukiona kituo kimekuwa duara tupu au la kijivu, huenda programu unayoendesha si ile uliyoikompaili mara ya mwisho, au haina taarifa za dibaga.

Ukimaliza, ondoa _IONBF kwenye programu inayoandika mamia ya maelfu ya mistari. Toroli liliwekwa kwa sababu nzuri, na bila hilo kazi inaweza kuwa ya polepole kwa kiasi cha kuonekana.

Imebaki hali moja inayowasumbua hata wazoefu: programu iliyokwisha kuwashwa kabla, nawe unaishika kwa dibaga ikiwa katikati ya kazi. Watu hutarajia maneno yake ya stdout yahamie kwenye konsoli ya dibaga. Hayahami. Mikondo iliunganishwa programu ilipozaliwa, na dibaga iliyokuja baadaye inapata kuona kumbukumbu na vigeu tu. Rudi kwenye terminali iliyoiwasha, ndiko maneno yaliko, au kwenye faili ambalo aliyeiwasha alilichagua. Na kama huko nako kumekauka kwa sababu bafa haijajaa, huna haja ya kubadili msimbo wala kuiwasha upya na kupoteza hali uliyoikamata kwa shida. Ikiwa imesimama mikononi mwa GDB, andika:

    call (int)fflush(0)

Kwa LLDB ni expression -- (int)fflush(0). Amri hiyo huita fflush ndani ya programu yenyewe, na sifuri ile ina maana ya mikondo yote ya kutoa iliyo wazi. Tazama terminali ya mwanzo: mistari iliyokuwa imesubiri dakika nzima inajitokeza kwa mpangilio wake, na wa mwisho kati yake unakuonyesha programu ilikuwa imefika wapi ulipoisimamisha.